Timu ya Wanafunzi katika Shindano la Matangazo: Suala la Lugha, kutoka Minnesota hadi Yanonge

Utangulizi

Kwa muda mrefu wasomi wengi wa lugha wamelichukulia tangazo la biashara kuwa jambo la wafanyabiashara peke yao. Mwanafunzi wa Kiswahili huchambua riwaya, ushairi, methali na mnyambuliko wa vitenzi, lakini bango lililobandikwa juu ya mlango wa duka la dawa hulipita bila kuligeuzia macho. Pale anapoitwa kushiriki katika kazi ya matangazo, aghalabu huitwa mwishoni. Maneno yamekwisha kubuniwa kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, picha zimekwisha kuchaguliwa, na kinachotakiwa kwake ni tafsiri tu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utaratibu huo huanzia mkiani. Kwanza yanaeleza shindano la matangazo ambalo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani wamekuwa wakishiriki tangu mwaka 1973, na hasa uzoefu wa timu moja ya mwaka 2009. Kisha yanayachukua maswali ambayo shindano hilo humlazimisha mwanafunzi kuyajibu, na kuyapeleka Yanonge, katika jimbo la Tshopo, mahali ambapo Kiswahili na Kilingala hukutana sokoni. Hoja kuu ni kwamba kazi inayoamua mafanikio ya tangazo hufanyika kabla ya neno la kwanza la tangazo kuandikwa. Kazi hiyo ni kumjua anayesemeshwa, na katika nchi ya lugha nyingi kumjua mtu huyo ni kuijua lugha yake.

Shindano na kanuni zake

Shindano linalohusika huandaliwa na American Advertising Federation, ambalo ni shirikisho la watu na makampuni ya matangazo nchini Marekani. Jina lake ni National Student Advertising Competition, yaani shindano la kitaifa la matangazo kwa wanafunzi. Kila mwaka kampuni au taasisi moja hujitolea kuwa mteja. Mteja huyo huwapa wanafunzi wa vyuo vyote vinavyoshiriki swali moja lililo sawa: historia ya bidhaa au huduma yake, hali ya soko, tatizo linalomsumbua, watu anaotaka kuwafikia, na kiasi cha fedha ambacho kampeni ya kufikirika isikizidi. Miongoni mwa wateja wa miaka iliyopita wamo Coca-Cola mwaka 2007, Pizza Hut mwaka 2015, Adobe mwaka 2020 na Tinder mwaka 2021.

Kazi ya timu huchukua sehemu kubwa ya mwaka wa masomo. Wanafunzi hugawana majukumu kama yalivyogawanywa katika wakala wa matangazo. Wako wanaofanya utafiti, wanaobuni maneno, wanaochora, wanaochagua vyombo vya habari, na wanaopanga hesabu. Matokeo ya kazi yao huwa ya namna mbili. Ya kwanza ni kitabu cha mpango, kinachoeleza utafiti uliofanywa, wazo kuu lililopatikana, matangazo yenyewe, vyombo vitakavyotumika, mgawanyo wa fedha na njia ya kupima matokeo. Ya pili ni maelezo ya ana kwa ana mbele ya waamuzi, ambayo hufuatwa na maswali. Timu hushindana kwanza katika kanda zao, na zile zinazoshinda huendelea hadi fainali ya taifa.

Jambo linalopaswa kuangaliwa kwa makini ni nafasi ya utafiti katika utaratibu huu. Tangazo lenye picha nzuri na kaulimbiu tamu halitoshi. Waamuzi humtaka mwanafunzi aeleze kwa nini neno hili limechaguliwa na lile limeachwa, na jibu la kwamba lilionekana kupendeza halikubaliki. Lazima aonyeshe ni watu gani waliohojiwa, walisema nini, na ni jambo gani katika maneno yao lililozaa wazo la kampeni. Kwa mwanafunzi wa isimu au fasihi, utaratibu huo si mgeni: dai lolote huhitaji ushahidi uliotoka kwa wasemaji wenyewe.

Uzoefu wa timu ya Minnesota, 2009

Mwaka 2009 mteja wa shindano alikuwa The Century Council, taasisi iliyogharamiwa na makampuni yanayotengeneza pombe kali, ambayo lengo lake lilikuwa kupambana na unywaji wa watoto na uendeshaji wa magari katika hali ya ulevi. Tangu mwaka 2014 taasisi hiyo inaitwa Foundation for Advancing Alcohol Responsibility. Swali lililowekwa mbele ya wanafunzi lilihusu unywaji wa kupindukia vyuoni. Ilikuwa kazi ya pekee, kwa kuwa wabunifu wa tangazo, watu waliolengwa na tangazo, na watu waliokuwa na tatizo lenyewe walitoka katika kundi moja, yaani wanafunzi.

Njia iliyokuwa imezoeleka katika matangazo ya namna hiyo ilikuwa ya kutisha: ini kuharibika, ajali barabarani, kifo. Timu ya Chuo Kikuu cha Minnesota iliiacha njia hiyo. Msingi wa kampeni yake ulikuwa kwamba kijana wa chuo hujiona yuko mbali na kifo na maradhi, kwa hiyo onyo la daktari humpita masikioni. Kinachomkaa moyoni ni jambo jingine. Ni yale aliyoyatenda usiku na kuyakumbuka asubuhi: rafiki aliyetukanwa, siri iliyotoboka, heshima iliyoanguka mbele ya wenzake. Timu iliita kampeni yake The Other Hangover. Maana yake ni kwamba baada ya ulevi huja machovu mawili: yale ya kichwa na tumbo, ambayo huisha baada ya saa chache, na yale ya majuto na aibu, ambayo hukaa.

Kampeni hiyo haikuishia katika kitabu cha mpango. Mwaka 2010, kwa msaada wa fedha wa The Century Council, ilitekelezwa katika chuo chenyewe, na mabango yake yakawekwa machoni mwa wanafunzi wale wale waliokuwa wamelengwa. Hii ni bahati ambayo timu nyingi haziipati, kwani kazi nyingi za shindano hubaki kuwa mazoezi.

Kwa mtazamo wa lugha, mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, wazo la kampeni lilitegemea neno moja la mazungumzo ya kila siku, ambalo vijana walikuwa nalo tayari. Timu haikubuni istilahi, bali ilichukua neno linalojulikana na kuliongezea maana ya pili. Pili, wazo hilo haliwezi kutafsiriwa neno kwa neno. Kiswahili sanifu hakina jina moja lililokubalika na wote kwa hali ya mtu siku ya pili baada ya kunywa. Hueleza kwa maneno kadhaa. Mfasiri atakayepewa bango hilo atapoteza mchezo wote wa maana. Lakini mbunifu anayeanza na ugunduzi wa timu badala ya maneno yake, yaani kwamba aibu humgusa kijana kuliko maradhi, atakuta Kiswahili kina akiba kubwa: aibu, fedheha, soni, kuadhirika, kuvunjiwa heshima, kuumbuka. Kwa hiyo kinachovuka kutoka lugha moja hadi nyingine ni ujuzi wa mtu anayesemeshwa. Maneno hubuniwa upya katika kila lugha.

Hadhira ya lugha na tamaduni nyingi: mfano wa 2012

Mwaka 2012 shindano lilikuja na swali lililo karibu zaidi na hali ya Afrika. Mteja, kampuni ya magari ya Nissan, alitaka kuwafikia vijana wa miaka 18 hadi 29 wa makundi matatu: Waamerika wenye asili ya Afrika, wale wenye asili ya nchi zinazosema Kihispania, na wale wenye asili ya Uchina. Timu zilipaswa kuamua kama yangetengenezwa matangazo matatu mbalimbali au moja litakaloyagusa makundi yote.

Kila njia ina hatari yake. Tangazo moja kwa wote huweza kuwa la jumla mno hata lisimguse yeyote. Matangazo matatu huweza kuwachukulia watu kana kwamba kila kundi limefungiwa ndani ya ua wake, hali kijana huyo huyo huzungumza lugha moja nyumbani, nyingine chuoni, na huzichanganya zote mbili anapokuwa na rafiki zake. Tatizo hilo lilikuwa geni kwa vyuo kadhaa vya Marekani, lakini kando ya mto Kongo ni jambo la kila asubuhi.

Yanonge: soko la lugha zaidi ya moja

Yanonge iko katika eneo la Isangi, kwenye ukingo wa kushoto wa mto Kongo, kiasi cha kilomita 60 hivi chini ya Kisangani. Jimbo la Tshopo, ambalo Kisangani ni makao yake makuu, lilianzishwa mwaka 2015 baada ya Jimbo la Mashariki kugawanywa. Mazao ya mashamba na ya msitu kutoka vijiji vya ukingoni hupandishwa hadi Kisangani, na bidhaa za viwandani hushuka kutoka huko. Mto huo hupitika kwa meli kutoka Kinshasa hadi Kisangani, takribani kilomita 1,700, mahali ambapo maporomoko hukatisha safari.

Umbo hilo la mto ndilo lililopanga lugha. Kutoka mashariki kilikuja Kiswahili, pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani na watu waliojiunga nao. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alifanywa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, na kabla ya hapo watu wake walikuwa wamekwisha kushuka mto kupita maporomoko. Kutoka magharibi kilipanda Kilingala, lugha ya meli, ya biashara ya mtoni na ya jeshi, ambacho baadaye kiliongezewa nguvu na muziki wa Kinshasa. Juu ya hizo mbili kimekaa Kifaransa, lugha ya shule na ya ofisi, na chini yake zipo lugha za wenyeji, miongoni mwazo Kilokele. Katiba ya mwaka 2006 inaitambua hali hiyo kwa kutaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa.

Mifano michache inatosha kuonyesha namna mazingira hayo yanavyomtega mwandishi wa tangazo. Bidhaa moja inayotafutwa sana mjini ni ile ambayo Kiswahili sanifu huiita mkaa. Katika Kiswahili cha Kongo, kama katika Kilingala, huitwa makala. Kihistoria neno hilo ni ndugu wa makaa ya Kiswahili cha pwani, ambacho kilidondosha sauti ya l kati ya irabu mbili. Makala kwa maana ya maandishi ni neno jingine kabisa, lenye asili ya Kiarabu. Basi bango lenye maneno “Makala ya Yanonge” litamvuta mpishi wa Kisangani, lakini msomaji wa Dar es Salaam atadhani ameahidiwa insha. Vivyo hivyo, majani ya mihogo ambayo Mtanzania huyaita kisamvu huitwa sombe katika Kiswahili cha Kongo, na pondu katika Kilingala. Kamusi haiwezi kumwambia mwandishi atumie lipi kati ya hayo. Wanunuzi ndio wenye jibu, na jibu hilo hupatikana kwa kuwasikiliza.

Mfano mwingine ni wa jina la huduma. M-Pesa ilianzishwa nchini Kenya mwaka 2007, na Vodacom ikaipeleka Kongo mwaka 2012. Kwa Mkenya, jina hilo halina fumbo: pesa ni fedha. Lakini katika Kilingala, pesa ni amri ya kitenzi kopesa, yaani “toa” au “nipe” kwa kadiri ya muktadha. Mtu wa Yanonge mwenye lugha zote mbili huweza kulisikia jina hilo kwa masikio mawili, moja likimtajia fedha, jingine likimwambia atoe. Jina lililobuniwa kwa ajili ya soko la Kenya limeangukia, ng’ambo ya pili ya bara, katika maana ambayo haikukusudiwa na ambayo kwa bahati haiko mbali na kazi ya huduma yenyewe. Bahati ya namna hiyo haiwezi kutegemewa kila mara.

Yako pia majina yaliyozaliwa papo hapo. Baiskeli zinazobeba abiria mjini Kisangani huitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya “tupite”. Hakuna wakala aliyelipwa kulibuni. Jina hilo lina ufupi, mwaliko na picha ya mwendo, sifa ambazo timu za wanafunzi huzitafuta kwa miezi mingi.

Isisahaulike kwamba eneo hili lilikuwa na ustadi wa kutangaza muda mrefu kabla ya bango. Walokele, wavuvi na wafanyabiashara wa mtoni, wanajulikana kwa ngoma zao za mbao zinazotuma habari. John F. Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Yakusu karibu na Kisangani, alizieleza katika kitabu chake Talking Drums of Africa cha mwaka 1949. Ngoma haitoi konsonanti wala irabu. Hutoa toni peke yake, ya juu na ya chini. Kwa hiyo maneno mawili yenye toni zinazofanana, kama vile jina la mwezi na jina la kuku, hayawezi kutofautishwa yakipigwa peke yake. Mpiga ngoma hulitatua jambo hilo kwa kurefusha. Kila neno hupewa fungu la maneno linalolieleza, nalo huwa na mfuatano wa toni usiofanana na wa jingine. Tangazo la kisasa husifiwa kwa ufupi, na ngoma hii ilifaulu kwa urefu. Lakini kanuni yao ni moja: urefu wa ujumbe huamuliwa na chombo na sikio la mpokeaji.

Maswali kwa timu ya kufikirika

Chukuliwe sasa kwamba timu ya wanafunzi wa Kisangani imepewa kazi kwa utaratibu ule wa shindano, na soko lake ni Yanonge na vijiji vinavyoizunguka. Swali la kwanza litakuwa: nani anayesemeshwa? Mama anayeuza mihogo, mwenye mtumbwi, mwalimu wa shule na mfanyabiashara mgeni kutoka Kisangani hawana lugha moja ya kuanzia. Swali la pili: kila mmoja hutumia lugha ipi katika shughuli inayohusika? Mtu huweza kupatana bei kwa Kilingala, kusali kwa Kiswahili na kusoma risiti ya Kifaransa. Swali la tatu: ujumbe utafika kwa macho au kwa sikio? Mahali ambapo redio, kipaza sauti cha sokoni na mazungumzo ya gatini huwafikia watu wengi kuliko maandishi, kaulimbiu inayopendeza kwenye karatasi huweza kuchosha ikitamkwa. Swali la nne: itajulikanaje kwamba ujumbe umeeleweka? Hapa timu italazimika kurudi kwa watu na kuwataka waueleze kwa maneno yao.

Maswali hayo si ya kuuza sabuni tu. Mwaka 2011 mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Kisangani ulishuka pamoja na mto, mji kwa mji, hadi Kinshasa. Ugonjwa uliufuata mpaka wa lugha na kuuvuka bila kizuizi, lakini maneno ya kuwaonya watu hayavuki kwa urahisi huo. Mayi ya Kiswahili cha Kongo na mai ya Kilingala yanakaribiana kiasi cha kuelewana, hivyo neno la kwanza la onyo linaweza kuwa la pamoja. Jina la kuhara halikaribiani hata kidogo: msemaji wa Kilingala husema pulupulu. Mwandishi asiyejua mahali maneno yanapokutana na mahali yanapoachana huweza kuandika onyo lililo sahihi kisarufi ambalo nusu ya wasafiri wa mtumbwi hawatalielewa. Katika biashara, kosa hilo hugharimu fedha. Katika afya, hugharimu maisha.

Redio Okapi, iliyoanza kusikika mwezi Februari 2002 kwa ushirikiano wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle, ilichagua tangu mwanzo kutangaza kwa Kifaransa pamoja na lugha nne za taifa. Uamuzi huo unaonyesha kwamba kazi ya habari inaweza kupangwa kwa kuzifikiria lugha tangu mwanzo. Timu ya wanafunzi inaweza kufanya hivyo hivyo kwa gharama ndogo zaidi.

Hitimisho

Uzoefu wa timu za Marekani haufai kuigwa mzima mzima. Shindano lao hutegemea wateja matajiri, vyuo vyenye idara za matangazo na soko lenye takwimu tele. Hata hivyo, utaratibu wake unaweza kutenganishwa na fedha zake. Swali moja kwa timu zote, utafiti kabla ya ubunifu, kitabu kifupi cha mpango, na kujieleza mbele ya waamuzi wanaouliza “kwa nini neno hili?” ni mambo yanayoweza kufanyika katika chumba chochote cha darasa, kwa daftari, kalamu na safari chache za sokoni.

Idara ya Kiswahili itakayofanya hivyo itanufaika mara mbili. Wanafunzi wake watakusanya data za lugha inayotumika kweli, zikiwa ni pamoja na maneno ya biashara na ya afya ambayo kamusi za Kiswahili sanifu hazijayaingiza. Aidha, watajitokeza mbele ya wafanyabiashara, mashirika na ofisi za serikali wakiwa na ujuzi wa kuitwa mapema. Timu ya Minnesota ilipata wazo lake kwa kujua ni jambo gani linalomwumiza kijana asubuhi baada ya ulevi. Timu ya Tshopo italipata lake kwa kujua mama wa Yanonge huuitaje mkaa wake, humwitia nani, na kwa lugha gani anaporudishiwa jibu.